Mbwa Getini au Ufunguo kwa Jirani?

Mei 2025, India na Pakistan ziliporushiana makombora kwa siku nne, kijiweni kwetu kahawa ilipoa mikononi. Kila mtu na simu yake, kila simu na video yake, nusu yake za uongo. Katikati ya kelele, mzee mmoja fundi cherehani akatoa hoja ambayo hakuna aliyeivunja papo hapo: "Bomu la nyuklia ni mbwa mkali getini. Si lazima ang'ate. Watu wakijua yupo tu, wanapita mbali." Kijana mmoja akadakia kwamba ndiyo maana Afrika haiheshimiwi: hatuna mbwa.

Nililala na hoja hiyo. Jibu langu limechelewa, lakini hili hapa. Nimeweka jozi mbili za majirani ubavu kwa ubavu. India na Pakistan walifuga mbwa. Brazil na Argentina nao walikuwa wameshaanza kumtafuta wa kwao, lakini njiani wakageuka na kupeana ufunguo wa nyumba: kila mmoja akamruhusu mwenzake kuingia na kukagua. Anayeandaa mdahalo, au anayebishana tu kama sisi, apime mwenyewe nani analala usingizi.

Walianza pamoja

Watu wengi hudhani Amerika Kusini ilikuwa shwari tangu zamani, kwa hiyo mfano wake hauna uzito. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brazil na Argentina zote zilitawaliwa na wanajeshi. Zote zilikuwa zimeukataa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia wa 1968, zikiuona ni wa kibaguzi: watano wabaki na mabomu yao, wengine wakae mikono mitupu. Argentina ilijenga kwa siri kiwanda cha kurutubisha urani (kazi inayoweza kuifanya ifae kwa umeme au kwa bomu) huko Pilcaniyeu, kusini karibu na Bariloche, na dunia haikujua mpaka Novemba 1983, serikali yenyewe ilipotangaza. Brazil ilikuwa na mradi wa kiraia uliokaguliwa, na pembeni yake mradi wa jeshi ambao mkaguzi hakuukanyaga. Huko Serra do Cachimbo, katika jimbo la Pará, lilichimbwa shimo refu la kujaribia bomu.

India ililipua lake la kwanza tarehe 18 Mei 1974 katika jangwa la Pokhran. Plutoniamu, malighafi ya bomu hilo, ilitoka kwenye kinu cha CIRUS, ambacho Canada iliisaidia kukijenga kwa sharti kitumike kwa amani. Delhi ikatatua tatizo la sharti kwa kuuita mlipuko wenyewe "wa amani". Pakistan ilikuwa bado inauguza jeraha la 1971, vita ilivyoshindwa na India na kupoteza upande wake wa mashariki, ambao leo ni Bangladesh. Zulfikar Ali Bhutto, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Pakistan, alishasema tangu 1965 kwamba India ikitengeneza bomu, Wapakistani watakula nyasi kama ni lazima, mradi wapate la kwao. Sisi tumezoea nyasi ziumie tembo wakipigana. Kwa Bhutto nyasi ziliwe kabisa ili tembo aote pembe.

Mei 1998 India ikajaribu tena, na kabla mwezi haujaisha Pakistan ikajibu katika milima ya Chagai. Tangu hapo hakuna upande unaobahatisha kama mwenzake anacho au hana.

Brazil na Argentina waligeukia wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye somo na ndipo pasipotajwa kijiweni.

Hawakuanzia kwenye bomu. Walianzia kwenye maji. Mwaka 1973 Brazil na Paraguay zilikubaliana kujenga bwawa kubwa la umeme la Itaipu juu ya mto Paraná. Argentina iko chini ya mto. Huko Buenos Aires watu waliogopa, na si kwa utani: anayeshika bwawa anaweza kukunyima maji, na siku akiamua kuyaachia yote anaweza kukuzamisha. Ugomvi ulivutana kwa miaka, mpaka Oktoba 1979 nchi tatu zilipotia saini makubaliano juu ya kina cha maji na jinsi bwawa litakavyoendeshwa. Mei ya mwaka uliofuata, 1980, Rais Figueiredo wa Brazil alikwenda Buenos Aires na wakatia saini ushirikiano wa mambo ya nyuklia. Wote wawili bado walikuwa majenerali. Anayesema amani ya namna hii inasubiri demokrasia kwanza, aitazame tarehe hiyo.

Halafu kuna jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa. Kabla ya kutangaza Pilcaniyeu mwaka 1983, rais wa Argentina alimpelekea mwenzake wa Brazil ujumbe: tutatangaza jambo hili, nakujulisha wewe kwanza. Mwaka 1987 Brazil ilipofanikiwa kurutubisha urani yenyewe, Rais Sarney naye alimjulisha Rais Alfonsín kabla ya kuwaambia wananchi wake. Siri ilivunjwa, lakini ilivunjwa kwa adabu. Mtu aliyekulia uswahilini anaelewa: tofauti ya kusikia harusi ya jirani kwenye spika na kuambiwa na jirani mwenyewe akiwa amesimama kibarazani kwako.

Kati ya matukio hayo mawili, Novemba 1985, Alfonsín na Sarney walikutana Foz do Iguaçu, mpakani. Alfonsín akakubali kwenda kuliona bwawa la Itaipu, lile lile lililowakosesha Waajentina usingizi, akapigwa picha pale na mwenyeji wake. Julai 1987 ikawa zamu ya Sarney: alipelekwa ndani ya kiwanda cha Pilcaniyeu pamoja na wataalamu wake. Mwaka uliofuata Alfonsín akatembezwa katika kiwanda cha jeshi la majini la Brazil huko Iperó. Fikiria waziri mkuu wa India akitembezwa Kahuta, kiwanda cha Pakistan cha kurutubisha urani, mashine kwa mashine, akiuliza maswali. Hata kufikiria kunachosha.

Septemba 1990 Rais Collor wa Brazil alikwenda Cachimbo mbele ya kamera na kutupia koleo la chokaa ndani ya shimo la majaribio, kama mtu anayemtupia marehemu udongo kaburini. Na tarehe 18 Julai 1991, katika mji wa Guadalajara, Mexico, nchi hizo zikaunda wakala wao wa ukaguzi, ABACC, wenye makao Rio de Janeiro.

Utaratibu wake ni rahisi hadi unashangaza. Waajentina wanakagua Brazil, Wabrazil wanakagua Argentina. Wakaguzi ni wataalamu wanaoitwa kutoka kazi zao za kila siku, wanafika kiwandani, wanapima uzito wa mitungi ya urani, wanalinganisha na daftari, wanaangalia kama lakiri walizoziweka safari iliyopita hazijaguswa. Tume inayowasimamia ina watu wanne, wawili kwa wawili. Ukatibu unapokezanwa kila mwaka. Desemba 1991 wakasaini mkataba wa pande nne na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ili dunia nayo iwe na jicho lake mle ndani. Mkataba wa 1968 walioukataa kwa miongo walikuja kujiunga nao baadaye kabisa, Argentina 1995 na Brazil 1998, wakati tayari walishakuwa wanakaguana wao kwa wao.

Mbwa amefanya kazi gani?

Tusimwonee mzee wa kijiweni. India na Pakistan hazijapigana vita kamili kama ile ya 1971, na watu wenye akili zao wanasema bomu ndilo lililoweka kikomo. Mwaka 2019 mshambuliaji wa kujitoa mhanga aliua askari 40 wa India huko Pulwama, katika Kashmir, ardhi ambayo nchi hizo mbili zinaigombania. Ndege za India zikavuka na kushambulia Balakot, ndani ya Pakistan, Pakistan ikaangusha ndege moja ya India na kumkamata rubani. Rubani alirudishwa kwa mguu kupitia mpaka wa Wagah ndani ya siku chache. Mwaka 2025, baada ya watu 26 kuuawa Pahalgam, huko huko Kashmir, walipigana siku nne wakasimama. Pande zote zilijua ngazi ya kujibizana inaishia wapi: kwenye bomu.

Lakini soma orodha hiyo tena. Mbwa yupo getini, na wezi wanaendelea kuja. Februari 1999, miezi tisa tu baada ya majaribio, Waziri Mkuu Vajpayee wa India alipanda basi mpaka Lahore akakumbatiana na Nawaz Sharif, mwenzake wa Pakistan, na kusaini tamko la amani. Wakati huo huo askari wa Pakistan walikuwa wakijipenyeza kwenye vilele vya Kargil, upande wa India. Ilipofika Mei ikawa vita, na India peke yake ilizika zaidi ya askari 500. Waliopanga Kargil hawakupanga *licha ya* bomu. Wachambuzi wengi wanaona bomu ndilo lililowapa ujasiri: tukiwachokoza kidogo, hawatathubutu kujibu kwa nguvu zote. Ndiyo kasoro ya mbwa. Humfanya mwenye nyumba naye awe mchokozi, kwa sababu anajua anaweza kukimbilia ndani.

Na mbwa mmoja huita mwingine. Kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Sweden, mwanzoni mwa 2025 India ilikuwa na vichwa vya nyuklia kama 180, Pakistan kama 170. India ina sera ya kutokuwa wa kwanza kutumia bomu. Pakistan haina, na imetengeneza kombora fupi la Nasr, la kilomita 60 hivi, la kutumika kwenye uwanja wa mapigano. Maana yake uamuzi wa kutisha kuliko yote unasogezwa karibu na askari walioko vumbini. Tena ujuzi haukubaki nyumbani: Februari 2004 Abdul Qadeer Khan, anayeitwa baba wa bomu la Pakistan, alikiri kwenye televisheni kwamba teknolojia ilivujishwa nje. Libya, Iran na Korea Kaskazini zilikuwa wateja.

Siku mambo yanapoharibika

Kama una dakika moja tu ya kulinganisha, linganisha hapa.

Tarehe 9 Machi 2022 kombora la India aina ya BrahMos lilirushwa kwa makosa. Hakukuwa na vita, hakukuwa na amri. Lilipaa kilomita 124 ndani ya Pakistan kwa muda usiofika dakika nne, likaanguka karibu na mji wa Mian Channu. Kwa bahati halikuua mtu. India ilikiri kosa siku mbili baadaye. Kwa hizo dakika nne, afisa wa Pakistan aliyekuwa zamu alikuwa anatazama kitu chenye kasi karibu mara tatu ya sauti kikitoka kwa adui mwenye nyuklia, na hakuwa na njia ya kujua kichwani kimebeba nini. Aliyetuokoa siku ile ni mtu fulani aliyeamua kusubiri.

Sasa Brazil, 2004. Kiwanda kipya cha kurutubisha urani cha Resende kilikuwa karibu kuanza, na Brazil ikakataa wakaguzi wa kimataifa kuziona mashine zake zote kwa macho. Iliziwekea vizuizi, ikidai ni siri ya kibiashara. Washington ilinung'unika, magazeti yakauliza kama Brazil inaficha bomu. Vyovyote utakavyoiona, haikuwa tabia njema. Buenos Aires, je? Jeshi halikutoka kambini. Jirani alikuwa na watu wake wanaoingia viwanda vya Brazil kwa miaka zaidi ya kumi. Mvutano ukaisha mezani kabla mwaka haujaisha, kwa makubaliano ya kati.

Kwa hiyo upande mmoja kosa la bahati mbaya lingeweza kuwa mwisho wa miji, na upande mwingine ukaidi wa makusudi ukaishia kuwa kikao. Hapo ndipo mimi nilipohama rasmi kutoka kwa mzee.

Haina maana India na Pakistan hawana ufunguo kabisa. Wana mmoja, mdogo. Desemba 1988 walikubaliana kutoshambulia vituo vya nyuklia vya mwenzao, na tangu 1992, kila tarehe 1 Januari, wanabadilishana orodha ya vituo hivyo. Hata miaka ya vita. Bahasha inakwenda Delhi, bahasha inakwenda Islamabad. Tatizo ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kwenda kuona kama orodha ni ya kweli.

"Mwulize Ukraine"

Kijana wa kijiweni ana pingamizi zuri, na usiingie kwenye mdahalo bila kujiandaa nalo. Desemba 1994, Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwenye ardhi yake baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea, na 2022 ikaivamia nchi nzima. Gaddafi aliachia mradi wake 2003. 2011 alikuwa ameuawa. Korea Kaskazini haikuachia, na Kim yupo.

Sitajaribu kuipunguza nguvu hoja hiyo. Ninachosema ni kwamba mizigo haifanani. Funguo za kurushia mabomu ya Ukraine zilikuwa mikononi mwa Moscow. Ilichopewa badala yake ni saini za wakubwa, bila wakaguzi wa Kiukreni kuingia kambi za Urusi na bila ugomvi wenyewe kumalizwa. Brazil haikumwamini Argentina kwa sababu ya saini. Ilimwamini kwa sababu Mbrazil alikuwa anaenda kupima mitungi.

Na kama ni lazima mfano uwe wa Afrika, tunao. Afrika Kusini ndiyo nchi pekee iliyojitengenezea mabomu yake yenyewe, sita kamili, ikayavunja kwa hiari. F. W. de Klerk alilieleza bunge tarehe 24 Machi 1993, kazi ikiwa imeshafanyika. Sababu hazikuwa za utakatifu. Wanajeshi wa Cuba walikuwa wanaondoka Angola, vita baridi ilikuwa inakwisha, na utawala wa kibaguzi ukijua unaondoka madarakani haukuwa na hamu ya kuwaachia warithi mali hiyo. Lakini angalia mpangilio: hofu ilipungua kwanza, bomu likafuata. Kama Itaipu.

Uchague lipi, basi?

Inategemea ugomvi wako ni wa nini, na hapa lazima niwe mkweli juu ya udhaifu wa mfano wangu. Brazil na Argentina hawakuwa na Kashmir. Vita yao ya mwisho iliisha 1852. Walishindana kwa heshima, soko na mto, vitu vinavyogawika. India na Pakistan waliyagawana maji mapema zaidi, kwa mkataba wa mto Indus wa 1960 ambao ulivumilia vita tatu, lakini ardhi hawakuigawa, na Aprili 2025 India iliusimamisha hata huo wa maji. Anayesema "wapelekeni ABACC Kashmir" anauza dawa bila kumpima mgonjwa.

Kama adui yako anataka kukufuta kwenye ramani na hana haja na mazungumzo, ufunguo hautakusaidia, na naelewa anayetamani mbwa. Lakini ugomvi mwingi duniani si wa aina hiyo. Mwingi ni wa kutoaminiana: sijui unajenga nini nyuma ya ukuta, kwa hiyo na mimi najenga. Kwa ugomvi wa aina hiyo mbwa huongeza ugonjwa. Ufunguo unautibu, kwa sharti moja ambalo halirukiki: uanze na lile dogo linalowauma leo, uliache lile kubwa lije kwa zamu yake.

Kwetu Afrika Mashariki uchaguzi huu haujafika mlangoni kwa sura ya bomu, na sheria imeshaufunga mlango huo. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulifunguliwa Cairo 1996 na ukakaa ukisubiri nchi 28 kuuridhia. Ya 28 ilikuwa Burundi, Julai 2009, na siku hiyo ndipo mkataba ulipoanza kufanya kazi. Sijawahi kusikia mtu akiitaja Burundi kwa hilo, wala redioni. Na urani tunaijua zamani: sehemu kubwa ya ile iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na mikono ya watu ambao hawakuambiwa inakwenda wapi.

Kinachokuja sasa ni umeme. Kenya imezungumzia kinu cha nyuklia Uyombo, Kilifi, ambako wananchi waliandamana, kisha mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya ziwa. Uganda inaitazama Buyende. Tanzania ina urani Namtumbo. Mitambo hiyo ikijengwa, wakaguzi wa kimataifa watakuja, hilo si swali. Mimi ningependa kujua kama mhandisi wa Kampala ataruhusiwa kuingia Siaya na kupima mwenyewe, na kama wa Nairobi ataingia Buyende. Makubaliano kama hayo huandikwa kabla zege halijamwagwa. Baadaye kila mtu anakuwa na kitu cha kuficha, hata kama ni aibu tu ya mradi uliochelewa.

Nilimsomea mzee sehemu ya Itaipu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kikombe kingine, akaniuliza wale Waajentina wakifika kwa Wabrazil wanakaribishwa chai au wanapelekwa moja kwa moja kwenye mitungi.